Taya Moja kwa Kazi Mbili? Ufafanuzi wa Usanifu wa Spana Rekebifu ya Nati na Mabomba kwa Mafundi wa Utemini, Singida

Ikisiri

Makala haya yanafafanua misingi ya usanifu wa spana rekebifu inayokusudiwa kufanya kazi mbili: kukaza na kufungua nati, na kushika bomba la chuma. Hoja kuu ni kwamba kazi hizo mbili zina madai yanayopingana. Nati hudai taya laini, sambamba na zisizocheza. Bomba hudai meno na taya inayocheza kwa kipimo. Spana inayojaribu kuyapatanisha madai hayo katika uso mmoja wa taya huishia kuharibu nati na kuteleza kwenye bomba. Kwa kutumia hesabu za kani na momenti, makala yanapendekeza taya yenye nyuso mbili, mmoja laini na mwingine wenye kipande cha meno kinachobadilishwa, na yanaeleza namna kipande hicho kinavyoweza kuundwa katika karakana ndogo.

1.0 Utangulizi

Utemini ni kata mojawapo katika Manispaa ya Singida, mji uliopo katika ukanda wa nusu ukame wa katikati ya Tanzania. Mji huo una maziwa mawili, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi. Kwa sababu hiyo, maji ya matumizi ya nyumbani hutegemea visima virefu, vikiwemo vya Mwankoko, na huwafikia wakazi kwa njia ya pampu, mabomba, mita na vituo vya kuchotea. Katika mazingira ya namna hii, kila kiungo cha bomba ni mahali ambapo maji yaliyovutwa kwa gharama kutoka chini ya ardhi yanaweza kupotea.

Fundi anayetunza viungo hivyo hukutana na maumbo mawili kwa siku moja, na mara nyingi katika kiungo kimoja. Kwenye mita ya maji kuna nati ya shaba nyeupe yenye pembe sita. Sentimita chache kutoka hapo kuna bomba la chuma la mviringo lisilo na pembe yoyote. Fundi mwenye uwezo hubeba spana mbili tofauti. Fundi anayeanza kazi, ambaye bado hajaweza kununua zote mbili, hutumia aliyonayo. Akitumia spana ya meno kwenye nati ya mita, kona za nati hulika. Akitumia spana laini kwenye bomba, spana huteleza na mkono wake hugonga ukuta. Katika hali ya kwanza hasara humwangukia mwenye nyumba, kwa kuwa nati iliyolika kona haifunguki tena kwa njia ya kawaida na huenda ikalazimu kukatwa. Katika hali ya pili hasara humwangukia fundi mwenyewe. Swali la makala haya ni hili: je, spana moja inaweza kusanifiwa ili hasara zote mbili ziepukwe?

2.0 Istilahi

Mafundi wengi wa Tanzania huiita spana yenye taya ya kusogezwa "spana malaya", kwa kuwa hukubali nati ya ukubwa wowote. Jina hilo linaeleza sifa ya kifaa kwa usahihi, ingawa kejeli iliyomo ndani yake inalifanya lisifae katika uandishi wa kitaaluma. Makala haya yanatumia istilahi "spana rekebifu", inayofuata kanuni ya uundaji wa maneno kama badilifu, kamilifu na pungufu. Spana yenye meno inayotumika kwa mabomba pekee itaitwa "spana ya bomba". Parafujo ndogo inayosogeza taya kwa kuzungushwa na kidole gumba itaitwa "parafujo ya gumba". Neno "kani" linatumika kwa maana ya nguvu katika fizikia, na "momenti" kwa maana ya zao la kani na urefu wa wenzo.

3.0 Usuli wa Kihistoria

Spana ya bomba inayojulikana zaidi ulimwenguni inatokana na hataza aliyopewa Daniel Stillson nchini Marekani mwaka 1869. Katika usanifu wake, taya ya juu haikufungwa imara katika mwili wa spana. Iliachwa icheze, na springi ikairudisha mahali pake. Fundi anapovuta mpini, taya hiyo huinama na meno hujizamisha katika bomba. Kadiri anavyovuta zaidi ndivyo mbano unavyoongezeka.

Spana rekebifu ya nati ilipata umbo lake la sasa kwa Johan Petter Johansson wa Enköping, Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Yeye alichagua njia iliyo kinyume: taya hutembea katika mfereji uliochongwa kwa usahihi, na parafujo ya gumba huishikilia isirudi nyuma. Inafaa kuzingatiwa kwamba Johansson huyohuyo alikuwa amekwisha kubuni spana ya bomba mwaka 1888. Mtu aliyezifahamu kazi zote mbili alitengeneza vifaa viwili, wala hakuziunganisha katika uso mmoja wa taya. Sehemu mbili zinazofuata zinaeleza sababu.

4.0 Madai ya Nati

Nati ya pembesita huzungushwa na taya mbili sambamba zinazosukuma nyuso mbili zinazotazamana. Kani hizo mbili hujikusanya karibu na kona zilizo mkabala. Chukua nati ya boliti ya milimita 16, ambayo upana wake kutoka uso hadi uso ni milimita 24. Urefu wa kila uso ni milimita 13.9, na huo ndio umbali kati ya mistari ya kani mbili. Fundi akivuta kwa kani ya nyutoni 300 kwenye wenzo wa mita 0.25, momenti ni nyutonimita 75. Kani katika kila kona ni 75 gawanya kwa 0.0139, yaani takriban nyutoni 5,400.

Kani hiyo hubebwa bila madhara iwapo taya zimegusa uso wa nati ipasavyo. Taya zikilegea, nati hujipinda ndani ya mdomo wa spana kabla ya kushikwa, na mguso hubaki kwenye ncha ya kona peke yake. Kani ni ileile, lakini eneo linaloibeba limepungua mno. Chuma cha kona husalimu amri na nati hulika. Meno huleta matokeo hayohayo hata pasipo kulegea, kwa kuwa hugusa kwa ncha badala ya uso. Shaba nyeupe, iliyo laini kuliko chuma cha pua, huathirika mapema zaidi.

Dai jingine la nati ni nafasi ya kuzungusha mpini. Nati ya pembesita hurudia umbo lake kila digrii 60. Iwapo mdomo wa spana umenyooka sambamba na mpini, fundi anahitaji nafasi ya digrii 60 kabla ya kushika upya. Mdomo ukiinamishwa digrii 15, spana inaweza kupinduliwa kila baada ya mvuto, na nafasi inayohitajika hupungua hadi digrii 30. Kwa mita iliyofungwa karibu na ukuta au ndani ya kisanduku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au la. Kwa nati ya mraba, inayorudia umbo lake kila digrii 90, hesabu hiyohiyo huleta mwinamo wa digrii 22.5.

5.0 Madai ya Bomba

Bomba halina uso bapa wa kusukumwa. Momenti hupita kwa msuguano peke yake, na kwa hiyo mbano wa kuelekea kitovu ni lazima uwepo kabla bomba halijazunguka. Kani ya kila taya huwa na mwinamo fulani kutoka kwenye mstari wa kipenyo. Mwinamo huo ndio unaozalisha momenti: umbali kati ya mistari ya kani mbili ni kipenyo mara saini ya pembe ya mwinamo. Sharti la kutoteleza ni moja: pembe hiyo isizidi pembe ya msuguano.

Tuchukue bomba la inchi moja, ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 33.7, na momenti ileile ya nyutonimita 75. Kwa taya laini za chuma juu ya chuma, tukichukulia kigawo cha msuguano cha 0.15, pembe ya msuguano ni takriban digrii 8.5. Umbali mkubwa kabisa unaoruhusiwa kati ya kani mbili ni milimita 5, na mbano unaohitajika ni nyutoni 15,000, karibu mara tatu ya kani iliyobebwa na nati. Tukichukulia kwamba meno yanaongeza kigawo hicho hadi 0.4, pembe huwa digrii 21.8, umbali huwa milimita 12.5, na mbano hupungua hadi nyutoni 6,000.

Matokeo haya yanakwenda kinyume na dhana iliyozoeleka. Meno huonekana kuwa sehemu katili ya spana, lakini ndiyo yanayoruhusu bomba lishikwe pasipo kupondwa. Jambo hili lina uzito katika mabomba madogo. Bomba la nusu inchi la daraja la kati lina unene wa ukuta wa milimita 2.6, uzi wake una kina cha milimita 1.16. Chini ya uzi, chuma kilichobaki hakifiki milimita 1.5. Mbano uliopita kiasi karibu na uzi hulifanya bomba liwe na umbo la yai, na kiungo huvuja hata kikifungwa kwa tepe mpya.

6.0 Usanifu Unaopendekezwa

6.1 Umbo na vipimo

Kutokana na uchambuzi huo, makala yanapendekeza mwili wa aina ya Johansson wenye urefu wa takriban milimita 300 na mdomo unaofunguka hadi milimita 36. Upana huo unatosha mabomba ya nusu inchi, robo tatu na inchi moja, ambayo vipenyo vyake vya nje ni milimita 21.3, 26.9 na 33.7. Ikumbukwe kwamba jina la bomba halitaji kipenyo chake cha nje. Msanifu anayefuata jina atatengeneza mdomo mdogo kuliko kazi. Upana huohuo unatosha pia nati za boliti kuanzia milimita 8 hadi 20.

Taya ya kusogezwa iwe na migongo miwili inayoweza kugeuzwa kwa kuichomoa kwenye mfereji na kuirudisha kinyume. Uso wa kwanza uwe laini na sambamba na taya ya mwili, kwa ajili ya nati. Uso wa pili ubebe kipande cha meno kwa ajili ya bomba. Taya za kugeuzwa si jambo jipya katika soko la kimataifa. Pendekezo la makala haya linahusu namna ya kukipachika kipande cha meno.

6.2 Kipande cha meno

Kipande kishikiliwe na pini moja na springi ndogo, ili kiweze kuyumba kidogo ilhali taya yenyewe imekaa imara katika mfereji wake. Hivyo mchezo unaohitajika na bomba hauhamii kwenye upande wa nati. Kwa kuwa kipande kimeshikiliwa na pini moja, kani yake kuu hupita katika mstari unaounganisha pini na mahali meno yanapogusa bomba. Mahali pa pini, basi, ndipo panapoamua pembe ya mwinamo. Pini ikiwekwa ili pembe iwe digrii 15 wakati wa kubana, bomba la inchi moja litabanwa kwa takriban nyutoni 8,600: juu ya kiwango cha chini cha 6,000, na mbali na 15,000 za taya laini. Meno yakichakaa na pembe ya msuguano ikashuka chini ya digrii 15, spana itaanza kuteleza, na hiyo ndiyo dalili ya kubadilisha kipande badala ya kutupa spana nzima.

6.3 Uundaji

Mwili na taya hudai kufuliwa na kuchongwa kwa mashine. Kipande cha meno kinaweza kuundwa katika karakana ndogo kutokana na chuma cha springi za majani za magari, ambacho kina kaboni ya kutosha kukomazwa. Meno huchongwa kwa tupa chuma kikiwa laini. Kisha kipande hupashwa moto hadi kiwe chekundu na kuzamishwa katika mafuta. Mafuta ya mimea yanafaa kwa kazi hiyo, na Singida ni mkoa wa alizeti. Baada ya hapo kipande husafishwa na kupashwa tena taratibu hadi rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, takriban nyuzi 270 hadi 280 za sentigredi, ili meno yasivunjike kama kioo. Kazi ya namna hii iko ndani ya uwezo wa karakana zinazolelewa na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

7.0 Mipaka ya Usanifu

Kwanza, hesabu zote zimechukulia mpini wa kawaida. Fundi akirefusha mpini kwa kipande cha bomba hadi wenzo wa mita 0.9, momenti hufika nyutonimita 270, na kani katika kona ya nati ya milimita 24 hukaribia nyutoni 19,500. Hakuna mfereji wa spana ya ukubwa huu unaopaswa kutegemewa kwa kani hiyo. Pili, mabomba ya plastiki yasiguswe na meno. Hayo yanafaa spana ya mkanda. Tatu, fundi anayefanya kazi ya bomba kutwa nzima bado atahitaji spana ya bomba kamili, kwa kuwa kugeuza taya mara kwa mara hupoteza muda. Nne, hesabu za mbano zimejengwa juu ya vigawo vya msuguano vilivyochukuliwa kabla ya majaribio. Upimaji wa sampuli kwenye mabomba yenye kutu, rangi na grisi ndio utakaothibitisha kama digrii 15 ni chaguo la kudumu.

8.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba ugumu wa spana ya kazi mbili hautokani na ukubwa wa mdomo wake. Unatokana na tofauti ya njia ambayo momenti hupitia: kwa nati hupita kwenye uso, kwa bomba hupita kwenye msuguano. Taya moja yenye uso mmoja haiwezi kuzitumikia njia zote mbili. Mwili mmoja wenye nyuso mbili za taya unaweza, iwapo uimara utaachwa kwa upande wa nati na mchezo utafungiwa ndani ya kipande cha meno. Kwa fundi wa Utemini mwenye uwezo wa kununua spana moja tu, usanifu huo unamaanisha nati ya mita inayoweza kufunguliwa tena mwaka ujao, na kipande kidogo cha chuma anachoweza kukibadilisha bila kusubiri spana nyingine kutoka mbali.