Vikope Bahi: Mahali ambapo kazi ya hospitali za misheni hukomea

KIBANO kidogo cha kung'olea kope ni chombo ambacho wanawake wengi wa makamo katika vijiji vya Ugogo wamekuwa wakikitunza kama wengine wanavyotunza sindano ya kushonea. Kope zilizogeukia ndani hukwaruza jicho kila linapofumba na kufumbua. Kuzing'oa moja moja huleta nafuu ya wiki chache, kisha huota tena zikiwa fupi na ngumu, na maumivu huanza upya.

Hayo ndiyo matokeo ya vikope, ugonjwa ambao wataalamu huuita trakoma. Hauui mtu. Hupofusha, tena polepole kiasi kwamba familia huuzoea kabla ya kuushtukia, na katika wilaya ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, ndio unaoonyesha vizuri kuliko ugonjwa mwingine wowote kile ambacho tiba ya misheni imeweza kukifanya vijijini na kile ambacho haijaweza.

Vikope husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Mtoto huambukizwa kwa vidole, kwa nguo inayotumika kufutia nyuso za wengi, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo na kamasi. Kuambukizwa mara moja si tatizo kubwa. Hatari iko katika kuambukizwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, hadi upande wa ndani wa ukope unapojaa makovu. Makovu hayo hujikunja na kuuvuta ukope ndani, kope zikaanza kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na mwishowe kioo hicho huwa cheupe.

Kwa maneno mengine, mama wa miaka 50 anayepofuka leo alianza kuugua alipokuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume. Sababu haina mafumbo: wao ndio wanaolala na watoto, kuwabeba na kuwafuta nyuso.

Ardhi ya Ugogo huusaidia ugonjwa. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya vumbi. Wagogo ni wakulima na wafugaji, na katika tembe za asili zizi la ng'ombe lilikuwa ndani ya ua wa nyumba, jambo lililoifanya mifugo iwe salama na nzi wasikose makao. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba nzi anayehusishwa zaidi na vikope hupenda kutaga mayai katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, hivyo choo ni dawa ya macho kama ilivyo ya tumbo.

Historia ya tiba ya kisasa ya macho katika eneo hili haiwezi kutenganishwa na kanisa. Shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza, CMS, lilikuwa na daktari Mpwapwa tangu 1878, naye alikuwa Dk. Edward Baxter. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na tangu hapo madaktari na wauguzi wengi wa misheni Ugogo wakawa Waaustralia. Mmoja wao, Dk. Paul White, alifanya kazi Mvumi kati ya 1938 na 1941 na baadaye akaandika vitabu vya hadithi vilivyoitangaza hospitali hiyo ndogo kwa wasomaji ambao wasingeweza kuionyesha Dodoma kwenye ramani.

Si siri kwamba hospitali hizo zilijengwa pia kwa ajili ya kuhubiri. Mmisionari wa zama hizo hakuona mpaka kati ya kusafisha kidonda na kusimulia Injili, na vitabu vya White havifichi jambo hilo. Lakini mgonjwa aliyefika na jicho linalouma alitibiwa jicho, na huduma iliyoanza kama chambo cha imani, kama baadhi ya wakosoaji walivyopenda kuiita, ikageuka kuwa nguzo ya mfumo mzima wa afya.

Mvumi ndiko alikofanya kazi Dk. Allen Foster, daktari bingwa wa macho kutoka Uingereza, kwa miaka kumi kuanzia 1975. Uchunguzi aliouchapisha mwaka 1987 pamoja na Alfred Sommer wa Marekani, uliowahusu watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda kwenye konea, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya vidonda hivyo vilihusiana na surua iliyowapata muda mfupi kabla. Upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za kutia machoni navyo vilikuwa na sehemu yake. Kwa hiyo daktari wa macho alijikuta akitetea chanjo na lishe. Tangu chanjo ya surua ilipoenea na matone ya vitamini A yakaanza kutolewa kwa watoto, upofu wa aina hiyo umepungua sana. Somo lililopatikana kwenye surua, kwamba macho huokolewa zaidi nje ya chumba cha upasuaji, ndilo lililokuwa gumu kulitekeleza kwenye vikope.

Bahi ilikuwa na ugumu wa ziada. Iko katika bonde la Ufa, penye mbuga inayopokea maji ya Mto Bubu na kugeuka kinamasi wakati wa masika. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Dodoma, iko Hospitali ya Mvumi. Upande wa magharibi, juu ya ukingo wa bonde katika wilaya ya Manyoni, iko Kilimatinde, hospitali nyingine ya Waanglikana. Reli ya Kati inapita Bahi tangu enzi za Wajerumani, lakini treni humfaa anayeishi karibu na stesheni. Wa vijiji vya ndani hutegemea baiskeli, mkokoteni wa ng'ombe au miguu.

Kwa miaka mingi Mvumi ilikuwa hospitali teule ya wilaya ya Dodoma Vijijini, maana yake hospitali ya kanisa inayofanya kazi ya serikali kwa ruzuku ya serikali. Mwaka 2007 wilaya hiyo iligawanywa kuwa Chamwino na Bahi. Mvumi ikabaki Chamwino. Bahi ikaanza maisha yake ikiwa na zahanati na vituo vya afya, bila hospitali ya ngazi ya wilaya. Ile ya serikali ilikuja baadaye.

Ndiyo maana tiba ya macho iliwafikia watu wa huko kwa njia ya huduma ya mkoba: gari lenye muuguzi wa macho, sanduku la vifaa vilivyochemshwa, na tangazo lililotolewa mapema kupitia kwa mtendaji wa kijiji, mchungaji au padri. Kwa maeneo yasiyofikika kwa gari, ndege ndogo za shirika la kimisioni la MAF kwa miaka mingi zilikuwa na kituo Dodoma na kubeba wahudumu wa afya hadi kwenye viwanja vya nyasi.

Upasuaji wa vikope unafaa kwa mpango wa namna hiyo. Hauhitaji daktari bingwa. Muuguzi wa macho au tabibu aliyefunzwa vyema anaweza kuufanya katika chumba cha zahanati. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, ukope hukatwa kidogo na kugeuzwa nje, kisha hushonwa. Jicho moja halichukui nusu saa.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi halielezwi wazi kwa wagonjwa. Upasuaji huu si kama ule wa mtoto wa jicho, ambao mtu huingia haoni na kutoka akiona. Huzuia kope zisiendelee kuharibu konea na huondoa maumivu. Mwanga uliokwisha kupotea haurudishi. Anayesubiri hadi asione ndipo aende hospitali amechelewa. Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Kongwa katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wanawake wengi waliohitaji upasuaji hawakuufuata hata baada ya miaka kadhaa, na miongoni mwa vikwazo vilikuwa gharama ya safari na kukosa mtu wa kuwasindikiza. Mwanamke asiyeona vizuri hawezi kusafiri peke yake, na kila anayemsindikiza anaacha shamba.

Kongwa imeufundisha ulimwengu mengi kuhusu vikope. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sheila West, wamefanya kazi huko tangu miaka ya 1980. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini, na vitatu kati ya hivyo vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto. Watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata vikope vikali. Watafiti hao walichunguza pia ni nani katika kaya ya Kigogo mwenye kauli ya mwisho juu ya matumizi ya maji na muda wa mama, swali ambalo daktari wa upasuaji kwa kawaida haulizi.

Matokeo ya aina hiyo yaliingia katika mkakati wa WHO wenye nguzo nne: upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira. Tangu 1998 kampuni ya Pfizer imekuwa ikitoa bure dawa ya azithromaisini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika. Dozi ni moja kwa mwaka, nayo hupimwa kwa urefu wa mtu dhidi ya kijiti, hivyo mhudumu wa kijiji anaweza kuigawa bila mizani.

Tatizo ni kwamba nguzo mbili za kwanza zinabebeka garini na mbili za mwisho hazibebeki. Msamaria kutoka Melbourne au Ujerumani anaweza kulipia upasuaji wa jicho moja na kutumiwa picha ya mama mwenye bandeji akitabasamu. Ni vigumu zaidi kumtumia picha ya mtoto ambaye hakuugua. Na kisima Bahi si kazi ya kuchimba tu, kwani sehemu kubwa ya maji ya chini ya ardhi katika bonde hilo yana chumvi, na kisima kinachotoa maji ambayo ng'ombe na watu hawayapendi huachwa pampu ikaota kutu. Maji matamu yanapopatikana mbali, ndoo ya kwanza huenda kwenye chungu, ya pili kwa ndama, na uso wa mtoto husubiri.

Wapo pia wageni wa muda mfupi, vikundi vya makanisa ya Ulaya na Marekani vinavyofika kwa wiki mbili na mabegi ya dawa. Sheria haiwaruhusu kutibu kwa nia njema peke yake: daktari wa kigeni lazima asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa zinazoingizwa nchini zipate kibali cha mamlaka ya dawa, TMDA. Vikundi vinavyofanya kazi chini ya hospitali ya mahali hapo huacha angalau faili la mgonjwa. Vile vinavyoweka meza chini ya mbuyu na kuondoka haviachi hata jina la dawa iliyotolewa.

Kuhusu fedha, ukweli ni kwamba hospitali za kanisa hazijawahi kujitegemea. Mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida, zile za dini ziliachwa. Mwaka 1992 serikali na makanisa zilitiliana saini makubaliano yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC), na mwaka uliofuata wagonjwa wa hospitali za serikali wakaanza kuchangia gharama. Tangu hapo hospitali ya misheni imekuwa ikiishi kwa mikono mitatu: ruzuku, wafadhili na ada. Mkono mmoja ukilegea, safari za mkoba ndizo za kwanza kufutwa, kwa sababu mgonjwa wa wodini anaonekana na wa kijijini haonekani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, ikiwamo ile iliyosaidia programu za magonjwa yasiyopewa kipaumbele, ambamo vikope vimo. Lengo la dunia la kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, lililokuwa la 2020, lilikuwa limekwisha kusogezwa hadi 2030.

Kwa mama aliyegeuzwa ukope, hayo yote hupimwa kwa jambo dogo zaidi. Baada ya upasuaji anapaswa kuangaliwa siku inayofuata, kisha kati ya siku ya saba na ya 14, na tena kati ya miezi mitatu na sita, kwani kwa sehemu isiyo ndogo ya wagonjwa kope hugeuka ndani upya. Safari za mkoba hufanyika zaidi kiangazi, barabara zinapopitika. Aliyepasuliwa Agosti, ukaguzi wake wa tatu huangukia kati ya Novemba na Februari: mbuga imejaa maji, gari halifiki, na yeye mwenyewe yuko shambani akipalilia uwele na mtama. Wakati huo anayeweza kuufunua ukope wake na kutazama ni mhudumu wa zahanati ya kijiji, ikiwa amefundishwa kutazama.