Jinsi polisi wa chifu walivyoanza na kubadilika

KWA miaka mingi, mwananchi aliyeibiwa au kushambuliwa katika kituo kidogo cha biashara mashambani alikimbilia kambi ya chifu, kwani kituo cha polisi kilikuwa mbali.

Waliompokea huko ni polisi wa utawala, ambao chimbuko lao ni sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902. Serikali ya kikoloni ilitaka machifu wawe na watu wa kuwasaidia kudumisha utulivu na kukusanya kodi.

Mnamo 1929 kikosi hicho kilitambuliwa kisheria kama Polisi wa Kikabila, na mwaka wa 1958 kikaitwa Polisi wa Utawala. Hata baada ya uhuru, kiliendelea kuwa chini ya utawala wa mikoa.

Katiba ya 2010 ilikiweka pamoja na Polisi wa Kenya chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Septemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba maafisa zaidi ya 24,000 wa utawala wangehamishiwa Polisi wa Kenya.

Kikosi kilichoundwa kumtumikia mtawala sasa kinadaiwa kumtumikia raia, na deni hilo hulipwa kwa jinsi mnyonge anavyopokelewa anapobisha mlangoni usiku.