Je, Wajua? Kijapani Chini ya Mlima Kilimanjaro

Je, wajua kwamba kahawa iliyovunwa Mbinga, mkoani Ruvuma, mamia ya kilomita kutoka Mlima Kilimanjaro, ikifika Japani inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro? Kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa nchi hiyo zinasema jina hilo ni la arabika yote ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Anayechanganya kahawa za nchi mbalimbali na kutaka kuandika Kilimanjaro kwenye pakiti, lazima ahakikishe angalau asilimia 30 ya kilichomo ni kahawa hiyo ya Tanzania. Jina lenyewe lilivuma huko miaka ya 1950, baada ya filamu ya Marekani ya mwaka 1952 iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu theluji ya mlima huu.

Kwa hiyo mama wa Uru anayechuma buni kwenye kihamba chake ana wateja ng'ambo ya bahari wanaoutaja mlima wake kila wanapoagiza kikombe. Wanaujua kwa jina. Wengine, kama tutakavyoona, wamejifunza hata lugha tunayoizungumza. Watoto wanaosoma shule zilizo chini ya mlima huo wamepewa nafasi gani ya kuijua lugha ya wateja hao? Swali hilo ndilo lililonifanya nikusanye mambo haya.

Je, wajua kwamba Mjapani akiandika Kilimanjaro hutumia alama saba, naye husoma Kirimanjaro? Lugha yake haitofautishi L na R. Ina sauti moja tu iliyo katikati. Jina la Moshi humtosha kwa alama mbili, na humchekesha kidogo, maana "moshi moshi" ndiyo haloo yao kwenye simu.

Herufi hizo zinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo mtoto wa Kitanzania anapoanza mbele ya wengi. Kijapani kina irabu tano, zilezile zetu. Wanazipanga a, i, u, e, o. Halafu zinafuata ka, ki, ku, ke, ko, sa, shi, su, se, so, na kuendelea. Kila alama ni silabi nzima, na alama za msingi ni 46. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu ameshazoea kuigawa sauti namna hiyo. Mwanafunzi wa Kiingereza anapambana na neno linaloandikwa hivi na kusomwa vile. Wa Kijapani, kwa herufi hizi za mwanzo, anasoma alichokiona. Maneno mengi yanaishia na irabu kama ya kwetu.

Hata kuvuta irabu, jambo linalowasumbua wageni wengi, kwetu si jipya. Kwa Kijapani obasan ni shangazi, lakini ukivuta a na kusema obaasan umemwita bibi kizee. Mtu asiyesikia tofauti hiyo anaweza kumkosea mama wa watu heshima bila kujua. Mswahili anayetofautisha kufa na kufaa hahitaji kuambiwa mara mbili.

Na ngeli? Wajapani hawana ngeli kama zetu, lakini wana kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili angekielewa haraka kuliko mwalimu mwingine yeyote. Kwao namba haikai peke yake mbele ya kitu. Inachukua kiambatisho kufuatana na aina ya kitu kinachohesabiwa. Karatasi na vitu bapa vina chao, wanyama wadogo wana chao, watu wana chao. Vitu virefu vyenye umbo la fimbo vina chao, na humo imo ndizi: ndizi moja ni ippon, mbili ni nihon, tatu ni sanbon. Mtoto wa Marangu anayesema watu wawili, vitabu viwili, miti miwili, anajua tangu utotoni kwamba namba hubadilika kulingana na kinachohesabiwa. Sijaona kitabu kinachomfundisha Kijapani kikianzia hapo, na nadhani ni hasara.

Ugumu upo, tena mkubwa. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, kwa hiyo unasubiri hadi neno la mwisho ndipo ujue kama mtu amekubali au amekataa. Kisha kuna kanji, herufi zenye asili ya China: mtoto wa Japani anatakiwa ajue 1,026 kabla ya kumaliza shule ya msingi, na orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Hizo hazina njia ya mkato. Ni kuandika na kurudia.

Je, wajua kwamba Wajapani wa kujitolea walianza kuja Tanzania mwaka 1967? Mpango wao, unaojulikana kwa kifupi cha JOCV, ulianzishwa mwaka 1965, nasi tulikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuwapokea. Wamekuja walimu wa hisabati na sayansi, wauguzi, mafundi, walimu wa michezo. Kabla ya kupanda ndege hukaa bwenini takriban siku 70, kwenye vituo vya Komagane mkoani Nagano na Nihonmatsu mkoani Fukushima, na wanaokuja kwetu hufundishwa Kiswahili humo. Chuo Kikuu cha Osaka nacho kinafundisha Kiswahili kama somo la shahada. Kijana wa huko anaweza kufika stendi ya Moshi akijua kuamkia kwa shikamoo na kupatana bei ya parachichi.

Kazi ya Wajapani imefika hata mashambani: waulize wakulima wa Chekereni na Mabogini. Wachagga walikuwa mabingwa wa maji tangu zamani, wakiyateremsha toka mlimani kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mikono na kutunzwa na koo. Huko chini kwenye tambarare, kati ya mwaka 1984 na 1987, mradi wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada na mkopo wa Japani, ukitumia maji ya mito ya Njoro na Rau. Hekta zipatazo 1,100 zilitengwa kwa mpunga. Mbegu ya IR54, kupanda kwa mistari na kusawazisha majaruba vilipandisha mavuno kutoka kama tani 2 kwa hekta hadi zaidi ya 6. Baadaye, miaka ya 1990, kikaanzishwa Kituo cha Mafunzo ya Kilimo Kilimanjaro, KATC, ambacho kimewafunza maofisa ugani na wakulima wa mikoa mingine.

Mafanikio hayo yalileta ugomvi wake. Wakulima wa sehemu za juu ya mto, walioona faida ya mpunga, nao wakafungua mashamba na kuvuta maji, na baadhi ya majaruba ya mradi yakakaukiwa. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kitu ambacho mashine haifundishi: kugawana maji ni mazungumzo, na mazungumzo yanataka watu wanaoelewana kwa undani. Huku mlimani, kijijini Tema, Old Moshi, shirika la Kijapani linalojiita Tanzania Pole Pole Club limekuwa likipanda miti pamoja na wanakijiji kwa miaka mingi. Jina lake peke yake linatuonyesha upande uliojifunza lugha ya mwenzake.

Je, wajua kwamba mchezo wa mdako unachezwa pia Japani? Wao huuita otedama, na badala ya kokoto hutumia vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa maharage. Unarusha kimoja juu, unaokota vingine, unadaka kabla hakijaanguka. Vilevile wanafunzi wa Japani, kama wa kwetu, hufagia na kudeki madarasa yao wenyewe. Mtoto wa Moshi anayeshika ufagio asubuhi kabla ya kengele hayuko peke yake duniani.

Haya ndiyo mambo mazuri yanayojitokeza siku za utamaduni, Wajapani wanapozitembelea shule zetu. Karatasi inakunjwa kuwa ndege korongo, bila gundi wala mkasi. Brashi inachovywa kwenye wino mweusi na mtoto anaandika jina lake kwa alama za silabi ziitwazo katakana, akishangaa Neema inavyotosha kwa alama tatu. Kuna judo, kuna yukata, mavazi mepesi ya Kijapani, za kuvaa na kupiga picha. Kule Dar es Salaam limeingia pia besiboli: mashindano ya shule yanaitwa Tanzania Koshien, kwa kufuata jina la uwanja wa Japani unaokutanisha shule za sekondari za nchi nzima, na Shule ya Sekondari Azania ina kiwanja chake. Mkoani Arusha ipo shule ya sekondari ya wasichana iitwayo Sakura, jina la maua ya mcheri, iliyoanza mwaka 2016 kwa msaada wa Wajapani na yenye mkazo wa sayansi na hisabati.

Ninazipenda siku hizo, na ninaomba ziongezeke. Lakini siku moja ya yukata haimwachii mtoto lugha. Picha zinapigwa, basi linaondoka, na Jumatatu hakuna mtu wa kumwambia alama ya nne inaandikwaje. Hata pale anapopatikana Mjapani wa kujitolea anayefundisha baada ya vipindi, kawaida muda wake ni miaka miwili. Akirudi kwao, na kama hakuna mwalimu wa Kitanzania aliyekaa naye na kujifunza, darasa linakufa. Msaada wenye faida ya kudumu ni ule unaomjenga mwalimu wa hapahapa.

Misaada ya namna hiyo ipo. Japan Foundation, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1972, inatoa ruzuku kwa vyuo na shule zinazofundisha Kijapani nje ya nchi yao, na inawapeleka walimu wa kigeni kusoma kwenye kituo chake cha Urawa, karibu na Tokyo. Hesabu yake ya mwaka 2021 iliwakuta wanafunzi wa Kijapani zaidi ya milioni 3.7 katika nchi na maeneo 141. Sehemu kubwa yao wako Asia. Ofisi yake barani Afrika iko Cairo, mbali na sisi, na hilo linaonekana. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa kikifundisha Kijapani, na kwa majirani zetu wa Kenya lugha hiyo inafundishwa vyuoni, kikiwemo Chuo cha Utalii. Mtihani wa kimataifa wa Kijapani, ulioanza mwaka 1984 na sasa wenye ngazi tano, hufanyika Nairobi. Kwa mtu wa Moshi huo ni mwendo wa siku moja wa basi kupitia Namanga.

Katika sekondari zetu orodha ya lugha za kigeni ina Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Kijapani hakimo. Sidai kiingizwe kesho; mtaala una mizigo yake. Ninachokiona ni kwamba mlima unaoleta watalii kutoka Tokyo na Osaka, na kahawa inayouzwa huko kwa jina la mlima huohuo, vinahitaji waongozaji na wauzaji wanaoweza kuzungumza na wateja bila mkalimani.

Je, wajua kwamba mji wa Nagai, mkoani Yamagata, ulikuwa mwenyeji rasmi wa Tanzania katika maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo? Wanariadha wetu wamekimbia mbio za mji huo na kukutana na wakazi wake. Kisha Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa maendeleo ya Afrika, mjini Yokohama, JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ikautangaza mji huo kuwa rafiki wa Tanzania kwa ajili ya kubadilishana watu na utamaduni. Baadhi ya taarifa zikaandikwa kana kwamba Japani imeutoa mji huo kwa Tanzania. Huko kwao uvumi ukaenea kwamba wahamiaji wanaletwa kwa wingi, simu za malalamiko zikamiminika, na mwezi uliofuata mpango mzima, uliohusisha miji minne na nchi nne za Afrika, ukafutwa.

Mwezi huohuo, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde kwenye utepe. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo, na watu wa Tokyo walimshangilia kwa sauti kubwa. Mpango wa serikali ulizimwa na maneno yasiyoeleweka. Mbio za mtu mmoja hazikuhitaji tafsiri. Lakini hatuwezi sote kuwa Simbu. Waliobaki tunahitaji lugha.

Kwa hiyo, mwalimu unayesoma haya, uwe Machame, Rombo, Himo au Majengo mjini Moshi: klabu ya Kijapani haihitaji kibali cha mtaala wala jengo. NHK, shirika la utangazaji la Japani, limetayarisha masomo 48 ya mwanzo yanayoelezwa kwa Kiswahili, yakimfuata mwanafunzi wa Thailand aitwaye Anna anayesoma Tokyo, na yanapatikana bure mtandaoni. Kitabu cha Irodori cha Japan Foundation kinapakuliwa bure pia. Simu moja na spika ndogo zinatosha darasa. Anza na zile alama 46, tano kwa wiki, nawe ujifunze pamoja na wanafunzi wako. Ukishakuwa na watoto wanaohudhuria kwa muhula mzima, andika barua kwa Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, ueleze mna watu wangapi na mmefika wapi, kisha uombe mwalimu wa kuwatembelea na vitabu vya kubaki shuleni.