Goti bandia: Usisubiri kidonda kinachovuja kikauke chenyewe

Kama umefanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti, au unamuuguza mzazi aliyefanyiwa, zingatia jambo moja tangu siku ya kutoka hospitali: kidonda kinachoendelea kuvuja kionwe na daktari mapema.

Upasuaji huu, ambao hapa nchini hufanyika pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), umewawezesha wengi waliosagika magoti kutembea tena bila maumivu makali. Maambukizi huwapata wachache, takriban mgonjwa mmoja hadi wawili katika kila 100. Lakini kwa anayepatwa, ni tatizo zito.

Goti bandia ni chuma na plastiki ngumu. Halina mishipa ya damu, hivyo kinga ya mwili na dawa hulifikia kwa shida. Bakteria wakinasa hapo hujitengenezea utando wa utelezi unaowakinga, na utando huo ukishakomaa, vidonge pekee haviwamalizi.

Ndiyo maana kuwahi kuna faida kubwa. Maambukizi yakigundulika mapema, daktari anaweza kulifungua goti, kulisafisha, kubadilisha kipande cha plastiki na kukiacha chuma mahali pake. Yakichelewa, mara nyingi goti lote bandia hutolewa, mgonjwa hutumia antibayotiki kwa wiki kadhaa, kisha hupasuliwa tena ili awekewe jingine.

Dalili za kuangalia

Si kila uvimbe ni maambukizi. Ni kawaida goti kuvimba na kuwa na joto kwa wiki kadhaa, hata miezi, baada ya upasuaji. Cha muhimu ni kwamba hali iwe inapungua kadiri siku zinavyokwenda.

Rudi hospitali haraka ukiona maumivu yaliyopungua yanarudi, ngozi inabadilika rangi na kuwa ya moto zaidi, kidonda kinatoa majimaji au usaha, au unapata homa na kutetemeka. Usingoje homa, kwani wapo wenye maambukizi wasioipata kabisa.

Usipitie kwanza duka la dawa kununua antibayotiki. Dawa hiyo inaweza kutuliza dalili kwa muda huku bakteria wakibaki ndani. Pia inaweza kuharibu kipimo. Daktari huvuta maji ya goti kwa sindano na kuyapeleka maabara ili ajue ni bakteria gani na dawa ipi itawaua. Ukiwa umeshakunywa dawa, huenda wasionekane. Vilevile usikande kidonda kwa maji ya moto, wala kukipaka mafuta au dawa za mitishamba.

Kabla ya upasuaji

Walio katika hatari zaidi ni wenye kisukari kisichodhibitiwa, wavutaji sigara, wenye uzito uliopitiliza na wanaotumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Kama upasuaji umepangwa, dhibiti sukari, acha sigara, tibu jino bovu na hakikisha vidonda vya ngozi vimepona. Usinyoe goti kwa wembe nyumbani, kwa sababu mikwaruzo hiyo ni mlango wa bakteria.

Hata miaka ikipita

Hatari haiishi kidonda kikipona. Bakteria wanaweza kusafiri kwenye damu kutoka kwenye jipu, kidonda cha mguu au jino lenye usaha hadi kwenye goti bandia, hata baada ya miaka mingi. Tibu maambukizi ya aina hiyo mapema, na mweleze kila daktari anayekuhudumia, akiwamo wa meno, kwamba una goti bandia. Goti lililokuwa limetulia likianza ghafla kuuma na kuvimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa unayemuuguza mzazi, usiridhike na jibu la simu. Wazee wengi hawapendi kusumbua watoto wao, na ukiuliza utaambiwa, "Sijambo mwanangu, ni maumivu ya kawaida tu." Nenda ukalitazame goti mwenyewe, ulilinganishe na lilivyokuwa wiki iliyopita. Kama limezidi, mpeleke kwa daktari aliyempasua bila kungoja tarehe ya kliniki.