Kodi ilishuka usiku mmoja, msimbo ulionakiliwa ukabaki nyuma

Jioni ya Machi 31, 2020, kafyu ya korona ikiwa bado ngeni, niliketi nyumbani na kazi niliyodhani ni ya dakika tano. Kuanzia kesho yake, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) nchini Kenya ingeshuka kutoka asilimia 16 hadi 14, nami ndiye niliyekuwa nikitunza programu ya mauzo ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Nilitafuta 1.16 ndani ya msimbo, nikaweka 1.14, nikalala.

Asubuhi karani wa kaunta alinipigia: skrini yake bado ilitoza kodi ya zamani. Nikarekebisha. Mwisho wa Aprili akapiga mwenye duka. "Kijana, mbona hesabu za mwezi hazilingani na risiti?"

Chanzo kilikuwa kimoja. Ankara ziliandikwa kwa PHP, ambako bei ilizidishwa kwa 1.16. Skrini ya kaunta ilitumia JavaScript, na aliyeitengeneza alizidisha kwa 0.16 kisha akajumlisha. Ripoti ya mwezi, iliyoandikwa kwa Python, ilitoa kodi kwenye jumla kwa kuzidisha 16 na kugawa kwa 116. Saruji iliyouzwa shilingi 11,400 ilikuwa na kodi ya shilingi 1,400. Ripoti ikaandika 1,572. Kanuni ileile ilikuwa imeandikwa mara tatu kwa sura tatu, ndiyo maana msako wangu wa neno moja haukuikamata yote.

Kunakili ni rahisi mno katika lugha za skripti. Faili hufunguliwa, mistari ikabandikwa kwingine, kazi ikaendelea bila ile hatua ya ukaguzi wa programu nzima iliyomo katika Java. Mstari wenye kasoro mara nyingi hujulikana siku unapoendeshwa, na wa ripoti huendeshwa mara moja kwa mwezi. Tena kosa kama langu halisimamishi kitu: Python ilikokotoa vizuri kabisa kwa kiwango kilichopitwa na wakati.

Kunakili huku kumeenea kuliko tunavyodhani. Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchunguzi wa faili milioni 428 za Java, C++, Python na JavaScript zilizohifadhiwa GitHub. Faili za kipekee zilikuwa milioni 85 tu. JavaScript iliongoza kwa nakala, hasa kwa sababu miradi hubeba maktaba nzima za watu wengine.

Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha 1999, The Pragmatic Programmer, walisisitiza kwamba kila jambo ambalo programu inalijua liwe na makao mamoja yenye mamlaka. Wanazungumzia maarifa, si maandishi yanayofanana. Katika duka lile kulikuwa pia na nondo za milimita 16. Kama ningebadilisha kila 16 kuwa 14, nondo nazo zingekonda. Namba ni ileile, lakini serikali haibadilishi unene wa nondo inapopunguza kodi. Vitu vinavyobadilika kwa sababu tofauti viachwe mbalimbali hata vikifanana kama mapacha.

Ndiyo maana sishauri kuunganisha kila kinachofanana pindi tu kinapoonekana. Martin Fowler, katika kitabu chake cha Refactoring cha 1999, anaeleza kanuni aliyoipata kwa Don Roberts: mara ya kwanza andika, mara ya pili vumilia nakala, mara ya tatu panga upya. Kodi yetu ilikuwa imefika mara ya tatu kitambo.

Mwezi Mei nilitengeneza jedwali moja dogo kwenye hifadhidata: kiwango cha kodi na tarehe kinapoanza. Ankara, kaunta na ripoti zote zikawa zinaliuliza jedwali hilo, zikitaja tarehe ya mauzo. Bila tarehe, mteja anayerudisha bidhaa za Machi angerejeshewa kodi ya Mei.

VAT ilirudi asilimia 16 Januari 1, 2021. Siku moja kabla, niliongeza mstari mmoja kwenye jedwali. Mauzo ya Desemba yalibaki na 14 yake, ya Januari yakachukua 16, na mwisho wa mwezi ripoti ililingana na risiti hadi shilingi ya mwisho.