Je, Wajua? Mtori Hufika Umechelewa

Uchagani mwanamke akijifungua hutulia ndani. Hupikiwa mtori wa ndizi na nyama, huletewa maziwa na supu, na haguswi na habari za jembe mpaka apate nguvu. Pwani kuna arobaini yake na uji wa pilipili manga. Ni mila nzuri, na sina nia ya kuzigombeza, kwani mama anayenyonyesha anahitaji chakula kingi kuliko hata alipokuwa mjamzito. Lakini waulize wanaopima na kuchunguza watoto wachanga, watakuambia kwamba karamu tumeiweka baada ya kazi kubwa kwisha. Mtoto hujengwa tumboni kwa ratiba, na ratiba hiyo haimngoji mtu.

Je, wajua kwamba uti wa mgongo wa mtoto huwa umeshafunga kabla mama wengi hawajajua kama wana mimba? Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Kwa mwanamke anayeona siku zake kila baada ya wiki nne, hapo amechelewa kwa wiki mbili tu, na huenda bado anasingizia uchovu au malaria. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo haukamiliki na mtoto haishi.

Kirutubisho kinachohusika sana hapo ni asidi ya foliki, na kugunduliwa kwake ni kisa cha kusimulia. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Alishuku chakula chao. Alijaribu hiki na kile kwa panya, kisha kwa nyani, mpaka alipojaribu Marmite, uji mzito mweusi wa hamira ambao Waingereza hupaka kwenye mkate. Damu ikapanda. Wagonjwa wake walipopewa nao wakapona, na mwaka 1931 akayachapisha matokeo bila kujua kilichomo ndani ya chupa ile ni nini hasa. Ilipofika 1941 wanakemia wa Marekani walikikamua kiini hicho kutoka kwenye tani nne za mchicha wa kizungu.

Ikachukua miaka mingine 50 kupata ushahidi wa kukata mzizi wa fitina kuhusu mgongo wazi. Utafiti uliofanyika katika nchi saba, uliotolewa 1991, uliwapa asidi ya foliki wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo, kuanzia kabla hawajashika mimba nyingine. Kujirudia kwa tatizo kulipungua kwa asilimia 72, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Marekani ilivilazimisha viwanda vya unga kutia asidi hiyo kwenye unga kuanzia 1998. Tanzania ilitunga kanuni zake za kurutubisha unga mwaka 2011, Kenya mwaka 2012. Tatizo letu linajulikana: kanuni zinavishika viwanda vikubwa, ilhali mahindi mengi ya vijijini husagwa kwenye mashine ya jirani, ambako hakuna anayechanganya chochote. Mchicha na maharage vina foleti, yaani asidi hiyo katika hali yake ya asili, ila ukichemsha mboga mpaka ikachoka na kumwaga maji yake, umemwaga na sehemu kubwa ya ulichokuwa unakitafuta.

Je, wajua kwamba kilo za mtoto siku ya kuzaliwa hazisemi yote yaliyompata tumboni? Hili lilijulikana kwa njia ya msiba. Septemba 1944, katika Vita ya Pili ya Dunia, wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi yaliyokuwa njiani kuwakomboa, na Wajerumani waliokuwa wakiikalia nchi wakalipiza kwa kuzuia chakula kisiingie miji ya magharibi. Baridi ikawa kali, mifereji ikaganda, mashua zikakwama. Mjini Amsterdam mgawo wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na kwa miezi kadhaa ukacheza kati ya 400 na 800. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Mei 1945 nchi ilikombolewa na chakula kikarudi kwa mkupuo.

Kwa kuwa wakunga na hospitali hawakuacha kupima na kuandika hata katika njaa ile, watafiti waliweza kuwatafuta watoto hao wakiwa watu wazima na kulinganisha: njaa ilimkuta mama akiwa na mimba ya miezi mingapi? Waliobanwa na njaa miezi ya mwisho walizaliwa wadogo, pungufu kwa gramu 300 hivi. Hilo mtu yeyote angelibashiri. Ajabu ni wale walioipata njaa mwanzoni mwa mimba, kisha mama akashiba. Walizaliwa na uzito wa kawaida, hakuna mkunga ambaye angewatilia shaka. Walipofikia miaka 50 hivi, wao ndio walioonekana kuwa na ugonjwa wa moyo kwa wingi zaidi. Mizani ilikuwa imewapitisha, lakini mwili ulikuwa umeshaweka kumbukumbu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, unatoka Afrika, nao ni wa biskuti za karanga. Wilaya ya West Kiang nchini Gambia ina kijiji kiitwacho Keneba, ambako watafiti wamekuwa wakifuatilia afya za wakazi tangu 1949. Msimu wa mvua pale ni msimu wa njaa: ghala limekwisha, shamba linadai, na wanawake wanashinda kwenye majaruba ya mpunga. Mkulima wa Dodoma au wa Ukambani hahitaji kuelezwa zaidi. Watoto waliozaliwa msimu huo walikuwa wadogo mwaka baada ya mwaka. Basi kwa miaka mitano, katika vijiji 28, wajawazito walipewa kila siku biskuti zilizookwa hapo hapo kwa karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga, zenye nguvu ya kalori 1,000 hivi. Nusu ya vijiji walizipata kwa takriban wiki 20 kabla ya kujifungua. Nusu nyingine walizipata pia, ila baada ya kujifungua.

Hapo ndipo penye funzo. Biskuti ni zile zile, mama ni wa wilaya ile ile, kilichotofautiana ni wakati. Matokeo yaliyochapishwa 1997 yalionyesha kwamba waliokula kabla walizaa watoto wazito zaidi kwa gramu 136 kwa wastani, na katika msimu wa njaa tofauti ilifika gramu 201. Watoto waliozaliwa wafu, na waliofariki ndani ya wiki ya kwanza, walipungua kwa karibu nusu. Waliokula baada ya kujifungua ni sisi na mtori wetu. Na mwaka 2014 watafiti wa huko huko walionyesha kwamba hata msimu ambao mimba inatungwa huacha alama za kikemikali kwenye vinasaba vya mtoto, alama zinazosaidia kuamua kinasaba kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze.

Dar es Salaam nayo imetoa mchango ambao wakazi wake wengi hawaujui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wajawazito 8,468 wa jiji hilo wasio na virusi vya UKIMWI. Wote walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, na nusu yao wakaongezewa vitamini nyinginezo. Waliozaa watoto chini ya kilo 2.5 walikuwa asilimia 7.8 kwa walioongezewa na asilimia 9.4 kwa wasioongezewa. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma kwenye karatasi. Izidishe kwa idadi ya wanaojifungua nchini kwa mwaka, kisha uniambie kama bado ni ndogo.

Jiji hilo hilo, pamoja na Bangalore ya India, lilishiriki katika jaribio la kalisi lililotangazwa 2024, wanawake 11,000 katika kila jiji. Kalisi hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa wanaokula kidogo vyakula vyenye madini hayo, lakini dozi iliyokuwa ikishauriwa, miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, ni vidonge vitatu au vinne vikubwa vya kumeza kila siku, na nani ataviweza? Ilionekana kwamba miligramu 500, yaani kidonge kimoja, haikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia kifafa cha mimba. (Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalisi tele, tena hawahitaji cheti cha daktari.)

Halafu kuna udongo. Nenda soko lolote la Bara utaukuta umepangwa katika mafungu, ukiitwa pemba. Kwa Wajaluo ni odowa. Mjamzito anayeutamani asichekwe wala asionewe aibu, maana hamu hiyo huandamana mara nyingi na upungufu wa damu, na ni ishara ya kumpeleka akapimwe. Je, udongo ndio unaoleta upungufu, au upungufu ndio unaoleta hamu? Wataalamu bado wanabishana. Kinachojulikana ni kwamba udongo wa mfinyanzi unaweza kunasa madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, na kwamba pemba iliyopimwa katika masoko ya Geita ilikutwa na arseniki. Chai nayo ni mwizi wa aina hiyo, ingawa ni mstaarabu: ukiinywa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa, kwa hiyo iache ikae saa moja mbali na mlo na vidonge vya damu. Chungwa au ndimu hufanya kinyume chake.

Na mayai? Kuna familia bado zinamkataza mjamzito mayai eti mtoto atazaliwa na kipara. Nywele za mtoto hazina habari na mayai. Walichokuwa wakimnyima ni protini nzuri iliyo rahisi kuipata, tena yenye kolini, kirutubisho kinachohitajika katika kujenga ubongo. Katazo jingine, lile la kumpunguzia mama chakula ili mtoto asiwe mkubwa akasumbua wakati wa leba, lina mantiki yake kwa mtu aliyeshuhudia uzazi mgumu mbali na hospitali. Lakini mtoto aliyezaliwa mdogo kwa njaa anaanza maisha na akiba ndogo: hupoteza joto upesi, sukari yake hushuka, na maambukizi humwelemea.

Kwa upande wa pili, kula kwa ajili ya watu wawili ni maneno matupu. Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji nyongeza yoyote ya maana ya kalori. Miezi mitatu ya kati huhitaji kama 340 zaidi kwa siku, yaani konzi ya karanga na ndizi moja, na ya mwisho kama 450. Kinachohitajika sana ni ubora, si mlima wa ugali. Siku hizi mijini tunashangilia mtoto wa kilo nne na nusu, kumbe mara nyingine uzito huo unatokana na kisukari cha mimba. Mtoto wa namna hiyo amezoea sukari nyingi kutoka kwa mama, kongosho lake likajifunza kutoa insulini nyingi. Kitovu kikikatwa, sukari inakoma kuja ila insulini bado ipo. Ndiyo maana wauguzi humpima sukari saa za mwanzo na kuhimiza anyonye mapema, hata akionekana bonge la mtoto.

La kufurahisha kidogo: mtoto huonja chakula cha mama angali tumboni, kupitia maji anayoogelea na kuyameza. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliwapa wajawazito vidonge vya unga wa karoti au wa mboga chungu ya jamii ya sukuma, kisha wakatazama nyuso za watoto kwa picha za mawimbi ya sauti. Baada ya dakika 20 hivi, wa karoti walionekana kama wanacheka. Wa sukuma walikunja uso kama wanaotaka kulia, jambo ambalo mzazi yeyote wa Nairobi angelitabiri bila mashine.

Na je, wajua kwamba mtoto aliyefikisha miezi yake huzaliwa na akiba ya chuma ya kumtosha karibu miezi sita, na kwamba sehemu kubwa ya akiba hiyo huwekwa miezi mitatu ya mwisho ya mimba? Njiti huzaliwa kabla akiba haijajaa. Mkunga naye anaweza kumwongezea mtoto damu bila kutumia hata senti: Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mwenyewe.

Shirika hilo hilo tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Wewe unayepanga kushika mimba, usingoje hata wiki hiyo. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa ianze siku unapoanza kuitafuta mimba. Ulizia kliniki au duka la dawa. Na wewe baba, mama mkwe au shangazi unayeweka akiba ya nyama kwa ajili ya mtori, anza kuipika leo, tumbo likiwa bado halijaonekana.