Sani za babu ndani ya tranka: zipelekwe Marekani zikanyooshwe na kupewa alama?



Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Mugumu. Naufupisha: "Kaka shikamoo. Marehemu babu ameacha tranka lina magazeti ya Sani ya miaka ya themanini, na komiki chache za Kizungu alizopewa na wageni alipokuwa anafanya kazi hoteli za mbugani. Nimeona mtandaoni watu wanatuma komiki Marekani, zinanyooshwa, zinapewa alama, zinafungwa kwenye kasha la plastiki halafu zinauzwa mamilioni. Nina laki tatu ya mahindi. Nitume?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi: hela usitume bado. Jibu refu linafuata hapa chini, na nimeliweka hadharani kwa sababu naamini matranka ya namna hii yapo mengi huku kwetu.

KAZI YENYEWE INAFANYIKAJE

Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni CGC, iliyoanza mwaka 2000 na ina makao yake Sarasota, jimbo la Florida. Mpinzani wake mmoja ni CBCS, iliyoanza 2014. Kazi ina hatua tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kunyoosha. Komiki inapewa unyevu kidogo ili karatasi ilainike, inawekwa katikati ya karatasi maalum, inabanwa na mashine yenye joto la wastani, kisha inaachwa ipoe ikiwa bado imebanwa. Mikunjo midogo, mabonde na mgongo uliopinda hurudi sawa. Lakini angalia hapa: kama mkunjo umeshavunja rangi, yaani wino umepasuka na unaona mstari mweupe, huo haurudi. Mashine haizibi palipochanika, haitoi doa la chai na hairudishi ukurasa uliopotea.

Ya pili ni alama. Wakaguzi wanahesabu kurasa, wanatazama jalada, pini, kingo na rangi ya karatasi, na wanatafuta kama kuna mtu aliyegusa rangi au kubandika kitu. Zaidi ya mtu mmoja huitazama nakala kabla alama ya mwisho haijatolewa. Alama zinaanzia 0.5, yaani chakavu kabisa, hadi 10.0. Nakala yenye 9.8 ukiiona utadhani imetoka kiwandani leo asubuhi.

Ya tatu ni kasha. Komiki inafungwa ndani ya plastiki ngumu, juu kuna lebo yenye alama na namba ya usajili ambayo unaweza kuikagua kwenye tovuti ya kampuni. Lebo ya bluu ni ya nakala ya kawaida, ya njano ina maana sahihi ya msanii imeshuhudiwa wakati anaiweka, ya zambarau ina maana nakala imekarabatiwa. Wanunuzi wengi wanaikwepa ya zambarau. Kunyoosha peke yake CGC haihesabu kuwa ni ukarabati, ila kupaka rangi na kubandika vipande kunahesabika.

HIZO MILIONI ZINATOKA WAPI

Ni kweli zipo. Action Comics namba 1, iliyomleta Superman mwaka 1938, iliuzwa senti 10 za Marekani. Agosti 2014 nakala yenye alama 9.0 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2. Aprili 2024 nyingine yenye 8.5, yaani alama ya chini kidogo, ikaenda kwa dola milioni 6.

Umeona hapo? Alama ya chini, bei ya juu. Kwa hiyo alama peke yake haileti hela. Hela inaletwa na watu wanaoitaka nakala hiyo, wanaojua zimebaki chache, wenye vitabu vya bei (kile cha Overstreet kinatoka tangu 1970) na minada ambako mnunuzi hampeleki muuzaji kwa maneno matupu.

Ndugu zangu wa Nyamongo mtanielewa haraka. Ukiwa na kipande cha dhahabu, mnunuzi anapima uzito na usafi, anaangalia bei ya dunia, mnakubaliana. Usafi ukijulikana, bei imejulikana. Komiki haiko hivyo. Alama inaeleza hali ya karatasi, haisemi kama kuna mtu upande wa pili anayeisubiri. Unaweza kuwa na 9.8 ya kitu ambacho hakuna anayekitaka.

SASA TUJE KWENYE SANI

Kwa wadogo zangu msioijua: Sani ilianzishwa mwaka 1978 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake ni mwanzo wa majina yao, Sa na Ni. Humo ndimo walimotamba kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Philip Ndunguru ni mmoja wa wachoraji wake wakubwa wa miaka ya mwanzo. Kabla ya hapo tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Ng'ambo ya Sirari, Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na jarida la Joe lililoanza 1973.

Je, Sani ya babu inalingana na Superman mnadani? Hapana. Haina kitabu cha bei wala mnada wa kila wiki. Ukituma Florida unalipia alama ya kila nakala, kunyoosha kwa bei yake, usafiri wa kwenda na kurudi na bima. Laki tatu yako ni kama dola mia moja na kidogo. Itaisha kabla hujafika nakala ya tatu, na utabaki na plastiki nzuri ya kuonyesha wageni.

Lakini usinielewe vibaya ukaenda kuziuza kwa mama karanga! Sani ina thamani ya aina nyingine. Ndani yake kuna Kiswahili cha mtaani, mavazi, vituko na shida za Watanzania wa wakati ule kama zilivyochorwa na watu waliokuwepo. Nakala zilisomwa na mtaa mzima mpaka zikachakaa, halafu zikafungiwa maandazi. Ndiyo maana iliyobaki tranka moja Mugumu inaweza kuwa na namba ambayo kwingine haionekani tena.

Mimi mwenyewe nina dhambi. Nikiwa darasa la tano nilichana jalada la Sani ya baba mdogo. Ili asijue, nikabandika soletepu. Leo gundi imegeuka kahawia na imekula rangi, uso wa Kipepe hauonekani. Hakuna mashine ya Florida itakayoutoa. Na nyingine zote za baba mdogo ziliishia kufungia karanga, hiyo niliyoiharibu ndiyo pekee iliyobaki nyumbani.

KOMIKI ZA KIZUNGU JE?

Hizo zikague kabla ya kuota. Fungua kurasa za mwanzo utafute maandishi madogo yenye mwaka na mchapishaji. Angalia bei iliyochapwa kwenye jalada. Komiki nyingi maarufu zimechapwa upya miaka mingi baadaye na jalada lilelile. Mfano mzuri: mwaka 1974 DC walitoa toleo kubwa la kumbukumbu la Action Comics namba 1. Ukilivua jalada la nje, la ndani linafanana na lile la 1938, na wajanja wameshawauzia watu kama ndilo lenyewe. Kinacholiumbua ni ukubwa: hili la 1974 ni kubwa kuliko komiki ya kawaida.

Ukikuta ya zamani kweli, mfano Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966 alipotokea Black Panther mara ya kwanza, hapo kuna hoja ya kuiulizia. Tafuta bei ambazo nakala zenye hali kama yako zimeshauzwa, siyo bei ambazo watu wanaomba. Toa gharama zote. Kikibaki kitu, ndiyo uwaandikie kampuni wenyewe kuuliza kama wanaipokea na kwa utaratibu gani.

Na mtu akikufuata kafe au WhatsApp akisema yeye ni "wakala", anataka tranka na hela ya kutanguliza, hapo unaingizwa mjini. Hata kasha lenyewe si kinga kamili. Mwishoni mwa 2023 huko huko Marekani ilibainika kuna mtu alikuwa anafungua makasha ya CGC, anatoa nakala nzuri na kuingiza ya hali ya chini, na kampuni ikalazimika kutangaza orodha ya namba zenye shaka.

CHA KUFANYA LEO, BILA DOLA

1. Nawa mikono, kausha vizuri, ndiyo ushike.

2. Usipige pasi ya nyumbani, iwe ya mkaa au ya umeme. Joto kavu linakausha karatasi mpaka inakatika kama kaukau, na wino unaweza kuhamia ukurasa wa pili. Weka nakala katikati ya karatasi nyeupe safi, juu yake panga vitabu vizito, acha wiki kadhaa.

3. Soletepu, gundi na kalamu ya rangi, marufuku. Palipochanika paache palivyo.

4. Zilaze, usizikunje wala kuzifunga na mpira. Boksi liwe kavu, lisigusane na sakafu wala ukuta kwa ajili ya mchwa. Mbali na moshi wa jikoni, jua na bati linalovuja.

5. Iliyolowa usiianike juani. Ikaushe kivulini penye hewa.

6. Andika orodha: namba ya toleo, mwezi, mwaka, bei, kurasa zinazokosekana. Piga picha majalada, tunza picha sehemu mbili. Kurasa nzima usizimwage mtandaoni, wachoraji na warithi wao wana hakimiliki.

7. Ukiona hamwezi kuzitunza, wasiliana na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki. Ulizia kwanza kwa maandishi, usipeleke mzigo kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mugumu, laki tatu irudi shambani. Chomoa kidogo tu ununue boksi na karatasi nyeupe. Halafu kaa na bibi, mfungulie kurasa moja moja, muulize babu alikuwa anacheka wapi. Yaandike hayo nayo, maana hayamo kwenye lebo yoyote.

Wadau wengine, nani ana Sani za zamani nyumbani? Tupieni kwenye maoni namba na mwaka. Bei tuiache kwanza, tujue kilichobaki.

Tuko pamoja.